Gethin wa Hafod Las Hajambo

Kitu cha kwanza alichokiona Kezia ni kwamba hata chumvi ilikuwa imebandikwa jina. Mlango, birika, dirisha, kijiko, kila kitu katika nyumba ile ya mawe kilikuwa na kikaratasi chake cha njano, kama watoto wanaopelekwa safari ya mbali. Wanafunzi wenzake walizunguka wakivisoma kwa sauti na kucheka. Yeye alisimama na mfuko wake mkononi. Kusoma kwake kuliishia njiani: watu wa kwao walikuwa watu wa bembea na farasi wa mbao, wahamao mji hadi mji wa Uingereza kila maonyesho yakimalizika, na shule aliyoiacha akiwa mdogo hakuirudia tena. Vikaratasi vile vilimtisha kidogo, kisha havikumtisha. Ndivyo mambo yalivyokuwa kwake tangu Machi. Yalibisha hodi, yakaenda zao kabla hajanyanyuka kufungua.

"Sheria ni moja," alisema Eleri, mwalimu wao. "Tangu sasa hadi Ijumaa, Kiwelisi tu. Ukikwama, kwama kwa Kiwelisi. Hapa hatumgeuzii mtu Kiingereza."

Hilo ndilo lililomfanya Kezia ainue macho. Huko Welisi, kumgeuzia mgeni Kiingereza ni adabu. Wakisikia ulimi wako unajikwaa, wanakupokea mzigo. Mama mkwe wake, Beti, aliyeitwa Nain, yaani bibi, alimpokea mzigo huo kila siku ya ndoa yake. Kezia angeanza, "Nain, maziwa ya..." na Beti angemalizia kwa Kiingereza, kwa tabasamu, na maziwa yangeletwa. Hapakuwa na ubaya ndani yake. Lakini mzigo ukipokewa kila siku, mabega nayo husahau kazi yake.

Siku ile ya Machi alitoka zizini akiwa na mwanakondoo kwapani, akakuta jikoni kumejaa majirani. Kiwelisi kilikuwa kikitokota mle ndani kama chungu cha maharage. Walipomwona wakanyamaza wote, kisha mmoja akakohoa, akaanza kwa Kiingereza. Kabla maelezo yake hayajafika kwenye pikipiki ya magurudumu manne na mteremko wenye matope, Kezia alikuwa ameshajua kwamba mumewe hayuko tena. Alijulia katika upenyo ule, pale lugha moja ilipokwisha na nyingine haijaanza.

Akabaki na mtoto. Nanw alikuwa na miaka minne, na maneno yake yote ya maana aliyapata kwa baba yake na kwa Nain. Kezia alimwambia kwa Kiingereza kwamba Tada, baba yake, ameondoka. Mtoto akaitikia, akaenda kucheza, na jioni akamkataza Nain asimfungie mbwa, kwa kuwa Tada angemhitaji. Ikawa hivyo jioni baada ya jioni, hadi vuli ikaingia.

"Hayajamwingia, mwanangu," Beti alisema. "Mtoto yule anasikia kwa Kiwelisi. Niachie nimwambie mimi."

"Hapana, Nain. Baba yake ni wa kwangu kumwambia."

"Kwa maneno gani?"

Beti ndiye aliyemtafutia nafasi katika mafunzo yale ya Kiwelisi. "Nitangoja hadi Ijumaa," alisema akimfungia mfuko. "Usipoweza, Jumapili nitamwambia mwenyewe. Mtoto hawezi kulelewa mlangoni."

Somo la kwanza walikaa duara, wakaulizana habari za nyumbani.

"Una mume?" Eleri alimuuliza.

"Ninaye."

"Nani?"

"Gethin. Gethin wa Hafod Las." Kwa maana huko mwanamume huitwa kwa shamba lake, na jina la ukoo huachiwa watu wa serikali.

"Hajambo?"

"Hajambo," alisema Kezia.

Neno lilitoka jepesi, wala halikumuunguza. Kwa Kiingereza Gethin alikuwa amekwisha kuzikwa. Kwa Kiwelisi hakuna aliyekuwa amemweleza Kezia lolote.

Aliyempokea Gethin kwa mikono miwili alikuwa Clive, dereva wa lori mstaafu, aliyekuja kujifunza kwa sababu, alisema, wajukuu wake walimsengenya mbele yake naye akiwapa peremende. Maneno yake yalikuwa machache, basi akayatumia yote kila asubuhi.

"Dada Kezia! Gethin hajambo?"

"Hajambo."

"Kondoo hawajambo? Mbwa hajambo?"

"Hawajambo wote."

"Ukoo wenye afya huo. Mimi goti tu linanimaliza."

Darasa likacheka. Kufikia Jumatano Gethin alikuwa ameuza kondoo dume wawili, amebishana na daktari wa mifugo, na amekula uji wa jana. Kezia alimjengea siku zake kwa maneno aliyofundishwa siku hiyohiyo. Hakufurahi, wala hakuona haya. Alikuwa kama mtu aliyeulalia mkono wake: unauona, unajua ni wako, lakini kuuinua lazima uushike kwa mkono mwingine.

Siku hiyo baada ya chakula ilikuwa zamu yake kuosha vyombo. Menna, mpishi, mwanamke mnene wa vilima vilevile vya Hafod Las, alikuwa akifuta sahani. Asubuhi alikuwa amepita na sinia Clive alipokuwa akiuliza habari za Gethin, na Kezia aliliona sinia likisita.

"Hafod Las ya Beti?" Menna aliuliza kwa Kiwelisi.

"Ndiyo."

"Nilikuwa kanisani siku ile. Mimi ndiye niliyekata mikate ya waliokuja kuzika."

Kezia alitazama povu. Sasa atanigeuzia, aliwaza. Aliuona uso wa Menna ukilainika, ule ulaini aujuao, unaotangulia Kiingereza. Alikuwa hata ameshaanza kuulegeza mgongo, tayari kupokelewa mzigo. Lakini Menna aliimaliza sahani yake, akachukua nyingine, akaendelea kwa Kiwelisi, polepole, kama amwongozaye ng'ombe kwenye daraja.

"Alikuwa akituletea mayai. Akiimba vibaya, huyo. Tunamsikia tangu getini, tunasema, haya, mayai hayo."

"Vibaya sana," Kezia alisema.

"Kanisani walimweka nyuma."

"Nyumbani pia."

Menna alicheka kidogo, kisha akaiweka sahani chini. "Gethin amekufa, binti," alisema. Hakupunguza sauti, wala hakuipandisha.

Kezia aliitoa mikono yake majini kwa ghafla. Ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko.

"Maji ya moto," alisema.

"Yalikuwa ya moto tangu mwanzo," Menna alimjibu, akampa kitambaa.

Kesho yake, mezani, Clive alianza wimbo wake. "Dada Kezia, Gethin..."

"Leo usiniulize, Clive."

"Mmegombana?"

"Hapana."

Mzee yule alimtazama. Hakuwa na maneno ya kuendelea mbele, na sheria ilimzibia njia ya kurudi nyuma kwenye Kiingereza. Akamsogezea siagi, kisha jamu, kisha mkate wake mwenyewe.

Ijumaa mchana Beti alifika na Nanw. Mtoto alishuka garini akiwa ameshika kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya jikoni, akakimbia kwa uangalifu, jicho moja likiuangalia mkono wake.

"Mama, Nain alioka keki. Nimekula yangu. Hii nusu ya Tada."

Beti alifumbua kinywa. Kezia aliisikia pumzi ile, akajua ni Kiingereza kinachokuja.

"Ngoja, Nain," alisema kwa Kiwelisi.

Beti akafumba kinywa. Kezia alipiga magoti juu ya changarawe, na mawe yakamchoma, akayaacha yamchome.

"Nanw. Tada amekufa."

Mtoto alimgeukia Nain. Nain akaitikia kwa kichwa.

"Atarudi kesho?"

"Hatarudi. Aliyekufa harudi. Kesho hatarudi, na kesho nyingine."

Nanw aliitazama keki, kisha akamtazama mama yake, si kwa hasira, ila kwa uchungu wa mtu aliyekalishwa mahali pasipokuja kitu.

"Mbona hukuniambia?"

Kezia alitafuta. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa machache, na katika uchache ule hapakuwa na pa kujificha.

"Kwa sababu na mimi," alisema, "nilikuwa nikimngoja."