Dakika Thelathini na Nane

Kutoka kiwanja cha ndege cha ng'ambo ya milima hadi hiki ni kilomita mia na tisini, na ndege ndogo huzimaliza kwa dakika thelathini na nane. Karani wa zamu aliijua hesabu hiyo hata usingizini, na ndiyo iliyomponza.

Maana pale ofisini walikuwa na mchezo wao. Wenzao wa ng'ambo wakipiga simu kusema ndege imeruka, karani alitakiwa aisubiri, aione kwa macho yake, ndipo aandike daftarini kwamba imetua. Nani wa kusubiri? Hali ya hewa ikiwa nzuri waliandika kuruka na kutua kwa mkupuo mmoja, wakaenda zao. Uvivu ulikwisha kuwa utaratibu, na hakuna aliyeuonea haya.

Jioni moja ya mwaka jana ndege ya vifurushi iliruka saa tisa na dakika arobaini. Karani akaandika imetua saa kumi na dakika kumi na nane, akabeba mkoba wake, akaenda kwa fundi kujaribu gauni. Rubani alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, na hakutua. Ng'ambo walipopiga simu kuulizia, mlinzi alichungulia daftari akawaambia imefika. Hakuna aliyeshtuka mpaka saa moja usiku, mwenye vifurushi alipokuja kudai mzigo wake. Karani aliitwa, akafika roho mkononi, akaufuta mstari ule kabla mkubwa wake hajauona. Mlinzi naye akafunga mdomo. Wachunguzi wakalaumu ukungu wa milimani, na msibani watu wakasema marehemu hakuteseka.

Tangu hapo, kila siku saa kumi na dakika kumi na nane, karani huisikia injini. Huja kutoka milimani, hushuka, hupita juu ya bati, kisha hukatika ghafla. Wenzake hawasikii kitu. Mwanzoni walimtania kwamba uzee umembishia hodi. Siku hizi wakimwona anainua kichwa, hunyamaza. Anaogopa mno, lakini kuomba uhamisho hathubutu, maana ataulizwa sababu.

Siku moja mdogo wake alimjia ofisini na kipande cha karatasi. Alikuwa akilifumua koti la marehemu alipunguze alivae mwenyewe, akakikuta ndani ya bitana. Mwandiko ulikuwa wa mumewe, umepindapinda. Saa kumi na nusu, mguu umevunjika. Saa kumi na moja, baridi. Saa kumi na mbili na dakika kumi, kisha mstari mmoja tu, ambao mdogo mtu aliufunika kwa kiganja.

"Dada, mlianza kumtafuta saa ngapi?"

Angeweza kusema saa kumi na moja, na angeaminiwa, kwani mdogo wake hakuwahi kumshuku kwa lolote tangu utotoni.

"Saa moja usiku. Niliandika ametua, nikaenda kujaribu gauni."

Mdogo wake hakulia wala hakumtukana. Aliondoa kiganja chake polepole.

"Basi soma mwenyewe," akasema. "Mimi nimeshindwa kuutoa kichwani."

Karani akainama, akasoma: "Shemeji yupo zamu leo. Hawatachelewa."