Upele wa Koplo

Tangu watu wa msiba wakunje mikeka na kurudi makwao, hakuna sauti iliyomkera Mzee Adelard kama ile ya Koplo kujikuna kwenye bati. Krrr, krrr, krrr. Mbwa anaegemea uzio, anajisugua kuanzia begani mpaka kiunoni, akifika mwisho anageuka anaanza upya. Uzio mzima unatikisika, na upande ule wote wa Buza, kule bondeni, wanajua kuwa mbwa wa Adelard ameamka.

"Mzee, Koplo leo kaamkia singeli!" vijana wa bodaboda walimpigia kelele pale kona. "Mpeleke studio, atatoka kimaisha!"

Zamani angewajibu jibu la kuwakata. Siku hizi alitazama chini, akapita.

Koplo alikuwa mbwa wa marehemu mkewe, Demetria. Alimtoa Mikocheni kwenye nyumba alikokuwa akifua nguo, akamleta ndani ya kapu kama mtu aliyetoka sokoni. Cheo alimpa yeye. "Akikamata mwizi nampandisha, anakuwa Sajenti," alisema. Mwizi hakukamatwa hata mmoja, lakini mbwa alikuwa na manyoya ya rangi ya andazi lililoiva vizuri, na jioni Demetria alikuwa akimchana kwa kitana kibovu huku akimsimulia mambo ya kutwa nzima.

Sasa mgongo ulikuwa ngozi tupu, nyeusi, imekunjamana kama kiatu kilichonyeshewa. Kingo za masikio zimeota magamba. Harufu yake ilitangulia mlangoni kabla yake. Kila aliyekuja kumpa Adelard pole, macho yalianza kwa mfiwa yakaishia kwa mbwa, na Adelard aliona wazi mtu anavyojisemea moyoni: ndiyo haya, nyumba isiyo na mwanamke. Ndipo akaanza kumfungia nyuma ya choo kila mgeni akibisha hodi.

Si kwamba hakuhangaika. Alimchemshia muarobaini. Alimwogesha maji ya chumvi, akamsugua na magadi, akampaka majivu. Siku mbili tatu mbwa alitulia, halafu krrr, krrr. Na Adelard alikuwa anajua wa kumlaumu. Taka za bondeni hazizolewi, mitaro imeziba, wadudu wanazaliana, wakubwa wanapita na vioo vimefungwa. Hospitali walimmalizia mke, sasa mtaa unammalizia mbwa. Hayo aliyasema dukani, aliyasema kanisani watu wakitawanyika, mpaka waliomfahamu wakawa wakimwona wanakumbuka ghafla walikotumwa.

Ijumaa moja Koplo alikata kamba. Akavuka kwa jirani, Mwanaasha, mama anayepika chapati barazani kwake, akakuta mkeka wa kusalia umeanikwa kwenye kigingi. Akajisugua nao mpaka akauangusha, akajigaragaza juu yake, akaacha manyoya na magamba.

Mwanaasha hakupiga kelele. Aliuosha ule mkeka mara saba, mara moja kwa mchanga, kama dini yake inavyomtaka, mgongo umepinda, Adelard akimchungulia kwenye tundu la bati huku uso ukimwaka. Alipomaliza akaja uzioni.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

Walikuwa wakiitana hivyo kwa ajili ya Demetria, aliyekuwa shoga yake wa kuombana chumvi.

"Mie sina neno na mbwa wako, mwenyewe unajua. Lakini Demetria alikuwa akimfunga. Mfunge."

Maneno machache tu, tena ya kweli, ndiyo maana yalimchoma. Alitaka amwambie pole, mdomo ukatoa mengine: "Wakizoa taka, mbwa hatajikuna!"

"Haya, shemeji," Mwanaasha akasema, akarudi kwenye chapati zake.

Kesho yake Adelard alikwenda kwa Fredrick, mwenye duka la dawa za mifugo. Fredrick akampa kichupa cha dawa ya kuogeshea ng'ombe.

"Kifuniko kimoja kwenye ndoo ya maji, mzee wangu. Kimoja. Hii ni sumu, usizidishe. Na bora umpeleke kwa afisa mifugo, ule upele unataka sindano."

"Afisa mifugo gani? Wale wa kukaa ofisini?"

"Yupo mpya, mzee. Dada mmoja, anafanya kazi kwelikweli."

Adelard akaguna. Njiani alikitikisa kile kichupa, akakitazama juani. Kifuniko kimoja kwenye ndoo! Hapo ndipo wanapotuweza, aliwaza. Mbolea wanachakachua, saruji wanachakachua, itakuwa dawa ya mbwa? Kule inakotoka kali, ikifika kwetu ni maji ya rangi. Wanaandika kifuniko kimoja wakijua haifanyi kitu, ili urudi kununua tena. Yeye si mjinga. Akapitia gereji, akaomba oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa kutoka kwenye injini, kwa sababu kwao watu walikuwa wakipaka mbwa oili na upele ukikoma. Akamimina dawa ndani ya oili bila tone la maji. Akampaka Koplo mgongo mzima, tumbo, masikio. Asubuhi alipoona bado anajikuna, akamwongezea iliyobaki.

Jumatatu hakusikia bati.

Alimkuta Koplo kalala nyuma ya choo, mate yanamchuruzika, miguu ya nyuma inatetemeka. Ngozi ya mgongo ilikuwa imevimba, imechubuka vipande vipande, nyekundu kama ya kitu kilichounguzwa. Adelard akapiga magoti. Pembeni, chini ya uzio, udongo ulikuwa umelowa. Ni upande wa Mwanaasha. Mwanaasha ana jiko asubuhi yote, ana masufuria ya maji ya moto. Na Ijumaa ilikuwa ya mkeka.

"Kamwagia maji ya moto," akasema kwa sauti, na alipolisema tu likawa kweli.

Siku hiyohiyo gari la matangazo lilikuwa likizunguka: mbwa na paka wote wapelekwe ofisi ya serikali ya mtaa, chanjo ya kichaa cha mbwa, bure. Adelard akamfunika Koplo na kitenge cha Demetria, akambeba kifuani kama mtoto mgonjwa, akaenda.

Watu walikuwa wamejaa pale ofisini na mbwa wao wa kamba na wa minyororo, kila mmoja akimkemea wake. Mwenyekiti wa mtaa, Jabiri, alikuwa mlangoni anapanga foleni. Mezani alikaa afisa mifugo mwenyewe, Tusajigwe, dada wa Mbeya aliyevaa gambuti na koti jeupe. Harufu ilipofika, watu wakasogea. Adelard aliona nafasi inavyofunguka mbele yake, kila mtu akivuta mbwa wake karibu, na aibu aliyoibeba miezi yote ile ikampanda kichwani ikageuka hasira.

Akafunua kitenge.

"Tazameni! Tazameni mtaa wenu! Mnyama kamwagiwa maji ya moto, na aliyemwagia namjua. Mwanaasha wa chapati! Kwa sababu ya mkeka! Na wewe mwenyekiti utamficha, maana nyie mnalindana!"

Mbwa mmoja tu ndiye aliyebweka. Halafu vichwa vikageuka, na Adelard naye akageuka, akamwona Mwanaasha kasimama kwenye foleni ya barua za utambulisho, mkoba kwapani.

"Mimi?" Mwanaasha akasema. Hakusema mie, kama alivyozoea. "Mimi, Mzee Adelard?"

Jina hilo, mzee, lilimgonga. Hakumwita shemeji.

"Mzee, nani mnalindana? Sie akina nani?" Jabiri akauliza taratibu. "Maliza, watu wasikie."

Tusajigwe alikuwa ameshavaa glovu na kuinama juu ya Koplo. Akamfungua kope, akatazama mboni iliyokuwa imesinyaa kama kichwa cha pini. Akapitisha kidole mgongoni, kikatoka cheusi. Akakinusa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Hii siyo maji ya moto. Umempaka nini?"

"Sijampaka kitu."

"Baba, mbwa anakufa. Ana sumu mwilini. Zipo sumu za aina nyingi, na sindano ya hii siyo ya ile. Nikikosea namwua mimi. Umempaka nini, na kiasi gani?"

Adelard akatazama huku na huku. Foleni yote ilikuwa imekatika, imekuwa duara. Vijana wa bodaboda nao walikuwepo, safari hii hawacheki. Koplo akatoa mlio mdogo, akamlamba kidole gumba, ulimi umejaa mate. Yule mbwa hakuwa na habari ni nani aliyemfanya vile.

"Oili," akasema.

"Na nini?"

"Na dawa ya ng'ombe. Ya kwa Fredrick."

Tusajigwe akampigia Fredrick simu, akaiweka sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa michafu. Fredrick akataja dawa, halafu bila kuulizwa akaendelea: "Lakini nilimwambia, dada! Kifuniko kimoja kwenye ndoo! Amepaka ngapi?"

"Amepaka ngapi, baba?"

"Chupa."

"Chupa nzima? Kwenye ndoo ngapi?"

"Sikutia maji." Akamtazama Koplo. "Nilijua mmeichakachua."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakamfyonya akanyamaza. Mama mmoja akasema chinichini, "Masikini, kuchanganyikiwa huko, mke kafa," na hilo lilimwumiza Adelard kuliko kicheko.

Tusajigwe akadunga sindano, akasubiri, akadunga nyingine. Halafu wakamwosha Koplo pale nje kwenye beseni, sabuni ya kipande na maji ya vuguvugu, mara nyingi, oili ikitoka kama wino. Jabiri mwenyewe, ambaye dini yake ni ileile ya Mwanaasha, alikunja suruali akawa anachota na kumwaga kwa mbali. Adelard alisugua bila kuinua uso. Miguu ya mbwa ilipoacha kutetemeka, afisa akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa akamweleza: kuna wadudu wanaochimba ndani ya ngozi, wadogo hata huwaoni. Muarobaini hauwafikii. Ni sindano, tena za kurudia, na matandiko ya mbwa yachemshwe yaanikwe juani, la sivyo wanarudi walewale.

"Siyo taka za bondeni?" Adelard akauliza.

"Taka ni mbaya, baba. Lakini hawa alipewa na mbwa mwenzake."

Alipoinuka kumtafuta Mwanaasha, alikuwa ameondoka. Hata barua yake hakuichukua.

Asubuhi yake Adelard alisimama uzioni.

"Shemeji, nisamehe."

Mwanaasha alikuwa anasukuma chapati. Hakuinua kichwa.

"Samahani za uchochoroni sizitaki, Mzee Adelard. Jana nimeuza chapati za kuhesabu. Watu wananinunulia huku wanachungulia masufuria yangu. Umenitukana mbele za watu, unaniomba radhi mbele ya kuku?"

"Lakini nilisema pale. Walisikia kuwa ni mimi."

"Ulisema ulichopaka. Jina langu uliliacha palepale ulipolitupa."

Adelard alirudi ndani akaketi kitandani. Alitafuta mtu wa kumlaumu: Fredrick angekataa kumwuzia, afisa angeuliza kwa faragha, Jabiri angewafukuza watu. Aliwapanga wote, na wote wakaisha, akabaki yeye. Akachukua gunia alilolalia Koplo, na kitenge cha Demetria alichomfunikia, ambacho tangu msiba hakikuwahi kufuliwa kwa sababu kilikuwa na harufu yake. Akakiangalia sana. Kilikuwa kimejaa oili. Akakitumbukiza kwenye maji yanayochemka.

Siku aliyopangiwa sindano ya upele alichagua kwenda asubuhi, ofisi ikiwa imefurika. Akamfunga Koplo kwenye nguzo, akasimama mbele ya foleni.

"Samahani, jamani. Nina neno."

"Panga foleni, mzee!" mtu akasema nyuma.

"Siombi huduma. Nina neno. Yule mama, Mwanaasha, hakumwagia mbwa wangu maji. Hajawahi. Ni mimi niliyemwunguza, halafu nikamsingizia."

Watu wengine hata hawakujua anaongelea nini. Jabiri akatoka mlangoni, miwani mkononi.

"Huku nyuma hawajasikia, Mzee Adelard."

Angeweza kumchukia. Alimtazama kama anamkejeli, akaona hamkejeli. Akavuta pumzi, akarudia yote, kwa sauti ambayo hata kwenye kilio cha mkewe hakuitoa, na lilipofika jina akalisema lote, Mwanaasha binti Nurdin, machozi yakimtoka mbele za watu waliokuja kuomba barua.

Aliporudi alipita barazani kwa Mwanaasha akasimama.

"Nimesema."

"Mie sijasikia," Mwanaasha akajibu, anageuza chapati. "Waliolisambaza lile wataniletea na hili. Nitangoja."

Akaenda zake. Kutwa nzima aliketi mlangoni na Koplo, akisikiliza kila anayenunua chapati kwa jirani anasema nini, hasikii kitu. Usiku alilala vibaya. Asubuhi alikuwa anampaka mbwa dawa, ile aliyopewa na afisa, amepima kwa kifuniko na kukipangusa kingo, aliposikia sauti kutoka upande wa pili wa bati.

"Shemeji, umeamkaje?"

Akaweka kifuniko chini.

"Nimeamka, shemeji."

"Na huyo Koplo?"

"Anajikuna."

"Sana?"

"Anapunguza."

"Haya," Mwanaasha akasema. "Mfunge tu vizuri, leo nimeanika mikeka."