Sifa ya Farasi Anayeshika Mkia

Kaka yangu Luvsandagva alikuwa mfunzi wa farasi, na katika tarafa yetu hapakuwa na aliyemshinda kwa kazi hiyo. Mwenyewe alilijua hilo, na huko ndiko tabu yake ilikotoka. Miaka mingi farasi wake walikuwa wakiingia katika watano wa kwanza, wale wanaomwagiwa airag, maziwa ya farasi yaliyochachushwa, na kusifiwa mbele ya watu, hata akasahau kwamba farasi ni mnyama na mbio ni mbio.

Kiangazi kile alikuwa na mwanafarasi wa kijivu wa miaka miwili ambaye alimtumaini kupita kiasi. Mpandaji wake angekuwa binti yake Khulan, mtoto wa darasa la pili, mwembamba, jasiri, asiyeishiwa na maswali.

Siku chache kabla ya sikukuu ya Naadam tulikuwa hemani kwao, mimi na wifi yangu Dulamjav tukikanda unga, Khulan akatuuliza kuhusu neno alilosikia watoto wakitaniana nalo: bayan khodood. Alijua kwamba bayan ni tajiri na khodood ni tumbo. Asichokijua ni kwa nini mwanafarasi anayeshika mkia, anapomwagiwa airag na kuimbiwa, aitwe tajiri wa tumbo.

Baba yake alijibu bila kuinua kichwa kwenye hatamu aliyokuwa akiishona. "Ni tusi kwa mfunzi, mwanangu. Farasi kajaa majani tumboni, hakutolewa jasho. Mtu anaambiwa kwa adabu kwamba kazi haijui."

Dulamjav akapinga. Kwao mashariki, alisema, ile ni dua: mwaka huu umeshiba vumbi la wenzio, mwakani ushibe ushindi.

Mzee Jamts, aliyekuwa akighani sifa za farasi kila mwaka, alikuwa amepita kunywa chai. Alisema yeye aliipata maana kwa babu yake. Farasi aliyekomaa akishindwa huvumilia, ndiyo maana haimbiwi. Mwanafarasi wa miaka miwili moyo wake ukivunjika hakimbii tena. "Basi wazee wakaona afadhali wamdanganye," alisema. "Wakamwambia wewe ni tajiri, kosa si lako."

"Farasi anaelewa, babu?" Khulan akauliza.

"Haelewi. Anaelewa mtoto aliye mgongoni."

Khulan alicheka sana, akasema yeye hatahitaji kudanganywa.

Asubuhi ya mbio aliamka anakohoa. Dulamjav alimgusa paji la uso, akatoka kumtafuta mumewe. Alimkuta amelivua tandiko na kuliweka chini.

"Baba Khulan, mfungie tandiko," alisema. "Mtoto hana nguvu leo."

"Tandiko ni uzito. Watoto wote wanapanda hivyo hivyo."

"Sizungumzii watoto wote."

Kaka alicheka kidogo, kama anavyocheka mtu mwenye vikombe ukutani, akambeba binti yake na kumweka juu ya mgongo mtupu. Mimi nilikuwa nimeshika lijamu. Khulan aliniinamia, akaniambia, "Shangazi, nikirudi unipe maandazi ya nyama ya kwanza." Wakaondoka wapandaji wote kwa mwendo wa pole kwenda huko mbali nyikani ambako mbio zingeanzia.

Tulingoja mpaka vumbi likaonekana. Wa kwanza akapita, mwekundu. Wa pili, wa tatu, kundi zima. Wa kijivu hayumo. Mwisho kabisa, wengine wakiwa wameshaanza kukwanguliwa jasho, akatokea mwanafarasi mmoja anatembea, hatamu inaburuta. Alikuwa wa kijivu. Mgongoni hapakuwa na mtu.

Kwa sheria zetu farasi akifika peke yake anahesabiwa. Mzee Jamts akachukua bakuli, akammwagia airag mgongoni, akaanza kughani. Kosa si lako, alighani. Njia ilikuwa na mawe, lijamu lilikuwa gumu, mpandaji alikuwa mdogo, na bwana wako aliyejidai anajua, hakujua. Waliokuwa nyuma walicheka kama wanavyocheka kila mwaka, maana hawakuwa wameona. Kaka alisimama ameshika hatamu, airag ikimchuruzika kwenye mkono wa joho, asiweze kusogea. Dulamjav alikuwa ameshapanda pikipiki ya jirani na kuelekea lilikotoka vumbi.

Walimkuta Khulan karibu na shimo lililochimbwa na wanyama. Farasi alijikwaa pale, naye hakuwa na pa kujishikilia. Alikuwa hai bado. Alifia katika gari tulilowafuata nalo, njiani kwenda hospitali ya mkoa, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake, miguu yake nimeishika mimi.

Hakuna aliyemlaumu kaka yangu. Hata Dulamjav hakumlaumu, na hilo lilimuumiza zaidi. Alizungumza naye habari za chumvi na kuni, basi. Majani yalipoanza kukauka Dulamjav alifungasha nguo zake, akaenda mji mkuu, Ulaanbaatar, kushona katika duka la binamu yake.

Kaka aliwagawa farasi wake wa mbio, akabaki na kondoo. Kisimani watu wakaanza kumwita Bayan Khodood asipokuwepo. Hawakumwita kwa dhihaka. Sijui hata walimwita kwa nini. Lakini neno likageuka. Mtoto akilitamka alinyamazishwa, kama ametaja maiti.

Mzee Jamts naye aliacha kughani. Aliniambia kwamba aliuona mgongo mtupu kabla hajafungua kinywa. Alighani kwa kuhofia kwamba akinyamaza, mama mtu angejua.

Naadam iliyofuata, kaka alikuja akakaa pembeni. Mwanafarasi wa mwisho alifika na kitoto cha kiume kinalia kwa kwikwi. Watu walimtazama Jamts. Jamts alitazama viatu vyake. Umati ukaanza kutawanyika, mtoto bado yuko juu, hajui ashuke au asishuke.

Kaka yangu akainuka. Alichukua bakuli mkononi mwa mtu, akammwagia airag mwanafarasi yule, akaghani. Sauti yake ilikuwa mbaya, na maneno mengine aliyaruka. Alipofika pale bwana wa farasi anapolaumiwa, akakwama. Ochirbat, baba wa yule mtoto na mwenye farasi, akamwambia taratibu, "Endelea, kaka. Wewe nilaumu tu mimi."

Akaendelea mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mikono, akamshusha mtoto.

Jioni tulipanda kilimani ambako simu hushika, akampigia Dulamjav kwa simu yangu. Alimweleza yote. Upande wa pili nilisikia cherehani inakwenda, halafu ikasimama.

"Mtoto alishuka salama?" Dulamjav aliuliza.

"Salama. Nilimshusha mimi."

Akasema ni vizuri, akasema ana kazi, akakata.

Hakurudi. Kaka yangu anaishi peke yake hadi leo, na kila mwaka wanamwita aje aghani kwa ajili ya farasi wa mwisho. Naye anakwenda. Farasi mwingine hajafunza.