Shavu la Dirishani

Mama mdogo alikuwa ameshafunga sanduku aliponiita, na mtu aliyefunga sanduku hakuiti kunywa chai. Alinikalisha katikati ya vitambaa vyake vya kushona, akasukuma komeo.

"Baba yako mdogo ana mwanamke."

"Nani kasema?"

"Shavu lake."

Nikameza kicheko. Baba mdogo ni dereva wa lori, mpole kiasi kwamba hata akitaka hawara angemwomba mkewe ruhusa kwanza. Lakini mama mdogo alikuwa na ushahidi. Mezani mume humgeuzia shavu la kushoto, kitandani vivyo hivyo. Ukimfuata upande wa pili anazunguka kama feni. Picha hataki. Na asubuhi hiyo, akitaka kufua suruali, mama mdogo akakuta kichupa mfukoni.

"Mwanamume mzima anajipaka nini, na kwa ajili ya nani? Wewe si unauza kwenye duka la dawa? Soma."

Nikasoma. Asidi ya hyaluroniki.

"Asidi?" Akakiweka chini polepole. "Ya betri?"

"Hapana, mama. Hii hata wewe unayo mwilini. Ndiyo inayoshika maji kwenye ngozi, isinyauke kama karoti ya juzi."

"Kwa hiyo anajilainisha."

"Anajilainisha."

"Haya." Akakaza mkanda wa sanduku tundu moja zaidi.

Mlango ukagongwa. Mama mdogo akafungua komeo. Baba mdogo akaingia, akaona sanduku, akaona kichupa, akaniona mimi.

"Redio naye yupo," alisema, akinitaja kwa jina langu la utani. "Basi mtaa mzima umeshajua."

"Geuka," mkewe akamwambia.

Hakugeuka.

"Geuka, au natoka na sanduku langu."

Akageuka. Shavu la kushoto lilikuwa la kijana anayepiga mluzi akioga. La kulia lilikuwa la baba yake mzazi: mikunjo kutoka jichoni hadi kidevuni, madoa ya kahawia, ngozi nene iliyolegea.

"Hilo ndilo la dirishani," nikasema.

"Dirisha nalifunga siku zote," akajitetea.

"Kioo kinakuzuia kuungua tu. Miale inayozeesha inapenya. Inakatakata nyuzi zinazoibana ngozi, na hiyo asidi inayoshika maji inaharibika. Miaka yote hiyo barabarani, shavu moja linapigwa jua, mwenzake kakaa kivulini kama bosi."

"Ndiyo maana napaka la kulia peke yake. La kushoto nikilipaka litazidi kutangulia."

Hapo nilishindwa, nikacheka. Kumbe alikuwa akijipaka akishakaa kwenye usukani, uso mkavu, kisha analirudisha shavu juani bila kinga yoyote. Nikamwambia hupakwa uso ukiwa na unyevu, na kichupa hicho hulainisha juu juu tu, mikunjo ya jua hakiifuti. Anachohitaji ni mafuta ya kuzuia jua kabla hajawasha gari.

"Sijauliza mambo ya darasani," mama mdogo akakata. "Nimeuliza, kwa ajili ya nani?"

Baba mdogo akatazama sakafu.

"Picha za harusi ya mdogo wako. Uliziangalia, ukasema, huyu mzee aliyekaa karibu yangu ni nani. Watu wakacheka. Na wewe ukacheka."

"Nilikuwa nakutania."

"Najua. Ndiyo maana nilinyamaza."

Mama mdogo akafungua kichupa, akanusa. Hakina harufu. Hilo nalo likamtia shaka, akanusa tena.

"Mbona hukununua kwa huyu mtoto wetu?"

"Kwa Redio?"

Akafikiri, akaona ana haki. Akachovya kitambaa kwenye maji, akamfuta mumewe uso, akamtonea la kulia. Kisha akahamia la kushoto.

"Hilo liache," baba mdogo akanong'ona.

"Tulia. Nimeolewa na yote mawili."

Nikaanza kulegeza mkanda wa sanduku. Hakunizuia.

"Na hayo mafuta ya jua nitakuja kununua mwenyewe," akasema bila kunitazama. "Yeye asitumwe. Wauzaji wa duka lenu siwaamini."

"Muuzaji ni mimi, mama."

"Ndiyo maana nasema."