Sabuni ya Alhamisi

Mimi wananiita Mama Mkali, na sikatai. Duka langu ni la mlango mmoja, kaunta ya mbao mbele na kitanda changu nyuma ya pazia. Mtu akibonyezabonyeza mikate yangu halafu asinunue, nampa vidonge vyake hapohapo, ameze asimeze.

Upole wangu wote nilimwekea mtu mmoja, mwanangu, na yeye nilimwona Alhamisi tu. Ni dereva wa gari la kampuni ya sabuni. Anaishi na mkewe na watoto upande wa pili wa jiji, na gari lake lilipangiwa kupita mtaa wetu kila Alhamisi asubuhi. Anasimama, anashusha katoni, anakunywa chai wima wima huku ananisimulia ya watoto, kisha, "Haya Mama, tutaonana," huyoo. Nami nikajifunza ujanja. Ukiagiza katoni moja, anakaa kidogo. Ukiagiza nyingi, anakaa zaidi, maana lazima azishushe zote na kuzipanga. Basi nikawa naagiza sabuni nyingi kuliko wanavyooga watu wa mtaa mzima. Chini ya kitanda changu hapapenyi hata paka.

Mambo yaliharibikia saluni. Msusi ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, na televisheni yake haizimwi. Jioni moja akatokea mkurugenzi wa ile kampuni ya sabuni, tai imembana shingo, anasema mtu ambaye baba yake alitoka ng'ambo ya mpaka asiruhusiwe kupiga kura, na ikiwezekana arudishwe kwao.

Marehemu mume wangu alivushwa mpaka huo akiwa mgongoni kwa mama yake, hajui hata kutambaa. Alikuwa mwashi. Ukuta wa saluni ile ile aliujenga yeye, na makaburini kwetu ndiko alikolala. Nikasimama katikati ya wateja wenye vichwa nusu vimesukwa, nikapayuka, "Arudishwe kwao? Haya, aje amfukue kwanza!"

Msusi alianza kucheka, akaniona uso, akaacha.

Asubuhi yake nikaondoa sabuni yote kwenye rafu. Aliyeuliza nikamweleza, na asiyeuliza nikamweleza vilevile. Wenye maduka wenzangu wakaondoa ya kwao, wengine kwa uchungu, wengine kwa kuniogopa tu. Msusi akatafuta sabuni nyingine ya kuoshea nywele za wateja. Zile za chini ya kitanda sikumtajia mtu. Nikawa naoga nazo mwenyewe kimyakimya, mpaka siku moja msusi akaninusa begani. "Mama Mkali, mbona leo unanukia mkurugenzi?" Nikamfukuza na ufagio, tukacheka mpaka machozi. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka kucheka hivyo.

Alhamisi mwanangu akaja. Akaona rafu tupu, akaona na msusi na wateja wake wamejipanga mlangoni kutazama sinema ya bure.

"Mama, hata wewe?"

"Hata mimi nini? Mimi ndiye niliyeanzisha. Umesikia alichosema bosi wako?"

"Nimesikia."

"Mtu ambaye baba yake alitoka ng'ambo, ndivyo alivyosema. Anakusema wewe! Unaendesha gari la mtu anayetaka kukufukuza nchini?"

Akashusha sauti. "Mama, yule ana mdomo wake. Sabuni inapikwa na watu kama sisi. Mkisusia, unadhani yeye atakosa kula? Watapunguzwa wapishi wa sabuni na madereva. Na hayo mafuta ya kupikia unayouza hapo, unajua mwenye kiwanda anampigia kura nani?"

"Sijui. Siku akija kumtukana baba yako kwenye televisheni, nitayatoa nayo."

Msusi akapiga makofi. Sikutaka apige makofi, lakini mdomo wangu ukipigiwa makofi hausikii tena breki.

"Agiza katoni moja tu," mwanangu akasema. "Moja. Hata usiiuze. Gari lina mtambo wa kulifuatilia, nikisimama pasipo na oda ofisini wanaona, wananipigia simu papo hapo. Duka lisipoagiza linatolewa kwenye njia yangu. Unanielewa? Sitakuwa na ruhusa ya kusimama hapa."

Nilimwelewa vizuri sana. Nikaitazama ile sura, pua ya baba yake, nyusi za baba yake. Ningesema neno moja laini, mambo yangekwisha. Lakini mlango ulikuwa umejaa watu.

"Basi usisimame," nikasema.

Akapanda gari akaondoka, na chai yake ikabaki inatoa moshi kwenye kaunta.

Alhamisi zilizofuata alipita bila kusimama, akipiga honi. Nikawa najiweka tayari mlangoni, na nguo nimebadilisha, kama mtu anayesubiri mgeni. Honi, mkono dirishani, basi. Halafu maduka yote ya mtaa yakafutwa kwenye njia, na honi nayo ikaisha. Mimi bado nilichemsha chai kila Alhamisi. Watu wakinisalimia najikaza kisabuni, nzuri, salama, namshukuru Mungu. Jioni nikivuta pazia, duka lote kimya, friji peke yake inanguruma, nasikia upweke mpaka kwenye meno.

Nikajiambia, wewe mwanamke, mtoto ana miguu. Siku hizi gari la kampuni halimleti, lakini mapumziko anayo. Nikampigia simu.

"Njoo Jumapili, mwanangu."

"Nitaangalia, Mama."

Nilifagia, nikatandika, nikakaa mlangoni mpaka taa za barabarani zikawaka. Jumapili nyingine nikapiga tena. Nitaangalia, Mama. Ya tatu akapokea kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa.

"Si ungeagiza hata katoni moja, Mama? Ningekuwa napita."

"Na bila katoni?"

Nikasikia wajukuu wangu wanagombania kitu nyuma yake, na mkewe anawanyamazisha.

"Mama, huko ni mbali."

"Kwani zamani palikuwa karibu? Miaka yote ile ulikuwa unakuja."

"Ilikuwa kazi, Mama," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angekuwa amekasirika, ningejua pa kumshika. Alilisema kama mtu anayekuambia saa. Nikamwambia asalimie watoto, nikakata simu, nikakaa juu ya kitanda. Nililia kwa sauti, mimi, Mama Mkali, na nikaweka mto mdomoni ili msusi asisikie ukutani.

Kesho yake msusi akaja mbio na mikono ina mafuta ya nywele.

"Mama Mkali, mtaa wa nyuma wamelegea! Wanauza tena ile sabuni. Na hapa kwetu wameanza kunong'ona kwamba yule mkurugenzi wala hana habari na sisi. Kampuni imeleta ujumbe, yeyote akiagiza leo, Alhamisi gari linapita. Watu wote wanakusubiri wewe. Tunasemaje?"

Akanitazama na yale macho yake, anataka nimwambie kitu kikubwa. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Namba ya ofisi yao naijua kwa kichwa. Ningepiga, na Alhamisi angekuja, angeshusha mzigo, angekunywa chai wima wima, angeniambia haya Mama, tutaonana.

"Waambie mimi siagizi," nikasema.

Msusi akanikumbatia, akanipaka mafuta shingoni. "Ndiyo maana nakupenda. Wenzio wote wameyumba, wewe unakumbuka alivyomtukana marehemu."

Nikamwacha aamini hivyo. Sikumwambia kwamba tangu jana usiku yule mkurugenzi hajapita hata mara moja kichwani mwangu. Kwa katoni moja ya sabuni ningempata mwanangu kila Alhamisi, na mimi nilimtaka bure.