Onja, Usimeze

Mwanaasha Hija hakuwa mtu wa kuambiwa chumvi imezidi. Tandika yote, ukitaka pilau la harusi lililokaa sawa, ulielekezwa kwake, naye alikuja na upawa wake mwenyewe, kanga kaifunga kiunoni, akiwafukuza wadaku jikoni kwa jicho tu. Mambo yalikwenda hivyo mpaka kiungulia kilipomvaa.

Kilianza polepole, kikanogewa. Kila siku ya shughuli, ikifika adhuhuri, moto ulimpanda kutoka chembe ya moyo hadi kooni na mdomo ukamjaa maji machungu. Kwenye maulidi ya Yombo kilimkamata vibaya, akakaa chini ameshika kifua, na binti yake Raudha akamalizia sufuria kwa hofu na haraka. Lile pilau lilikuwa chumvi tupu. Watu walikunywa maji mpaka wakakoma, na aliyesemwa mtaani hakuwa Raudha.

Tangu hapo Mwanaasha hakumruhusu mtu mwingine kuonja chakula chake. Akahangaika na tiba. Alilamba asali na habasoda asubuhi kabla ya chai. Alikunywa maji ya kabichi, akanywa shubiri huku ameziba pua. Mtu akamwambia siki, akainywa, na siki ikamwonyesha kwamba alikuwa bado hajajua kuungua ni nini. Ustadh Badru, mwalimu wa madrasa ya jirani, alimsomea dua, kisha akamkumbusha kwamba dini imetufunza tusilijaze tumbo, tuache nafasi ya maji na ya pumzi.

"Ustadh, mie mbona sili," alijibu. "Siku ya shughuli sitii tonge mdomoni mpaka watu waondoke."

Maneno hayohayo alimwambia daktari wa zahanati, binti mwenye adabu aliyempa shikamoo kwanza, kisha vidonge, kisha akamkataza pilipili, mafuta na kulala mara tu baada ya kula. Mwanaasha alivimeza vidonge. Kitanda alikiinua kwa matofali upande wa kichwa. Nafuu aliipata, lakini siku za kawaida tu. Siku ya masufuria makubwa moto ulirudi palepale.

Raudha peke yake ndiye aliyethubutu. "Mama, unaonja sana."

"Kuonja ndo kula?" Mwanaasha alimkata. "We kaa na chumvi yako ya Yombo."

Raudha akainamia vyombo vyake. Maneno yalimuuma, na Mwanaasha aliona kwamba yamemuuma, akajifanya anatafuta kifuniko.

Ikaja harusi ya binti wa Bi Somoe, wa mtaa wa pili. Bi Somoe alikuja mwenyewe, akakaa, akasifia chai, akazunguka weee, hatimaye akasema kuna watu wa Mikocheni wanapika kwa majiko ya gesi, tena wanakuja na sare. "Si kwamba hatukutaki, Bi Mwanaasha. Tunakuonea huruma na hiyo afya yako."

Huruma ile ilimchoma kuliko kiungulia. Akijikwaa kwenye harusi hii, alijua, hakuna atakayemwita tena. Akaahidi kupika, na mgeni alipoondoka akaweka nadhiri: siku hiyo atapika akiwa amefunga, amwombe Mola wake kwa tumbo tupu amvushe salama.

"Sasa nani ataonja?" Raudha aliuliza.

"Mie. Si kama Ramadhani? Mpishi anagusisha ulimini, anatema. Muulize Ustadh Badru."

Kweli, kila Ramadhani alifanya hivyo, ila kwa kijisufuria cha futari ya nyumbani. Harusi hazifungwi mwezi ule, na masufuria makubwa hulala stoo.

Siku ikafika. Akala daku, akameza kidonge, akaenda. Kando ya mafiga aliweka kopo lenye mchanga. Supu ya nyama ilipochemka na pilipili manga yake, aliigusisha ulimini, akatema, akasukutua. Rojo la biriani, hivyohivyo. Mchuzi wa nazi, achari, ukwaju, na kila alipoongeza kitu alirudia tena, maana hakuwa mpishi wa kubahatisha. Adhuhuri ikaadhiniwa. Akasimama wima kuusubiri ule moto wake, na moto haukuja.

Akalitazama lile kopo. Mchanga ulikuwa umelowa chapachapa, umekuwa wa manjano kwa mafuta na bizari. Yote haya, kila shughuli, miaka nenda rudi, yalikuwa yakishuka tumboni mwake yakiwa ya moto na ya pilipili, huku yeye akimwapia daktari na ustadhi kwamba hali kitu. Aliona aibu. Kisha akacheka peke yake mbele ya mafiga, kwa furaha hasa.

Masinia ya kwanza yalitoka. Baada ya muda Bi Somoe akaingia jikoni na sahani iliyofutwa hadi punje ya mwisho. "Wale wa Mikocheni nishawasahau mie," alisema.

"Kumbe ulikuwa unawakumbuka?" Mwanaasha akamjibu, na wote wawili wakacheka.

Ilibaki sufuria moja, ya wageni wa jioni. Raudha alikuwa ameinama anachochea kuni. Mwanaasha alichota supu kidogo, akagusisha ulimini, akatema. Kisha akamwita mwanawe, akamdondoshea kiganjani.

"Onja. Usimeze."

Raudha alikitazama kiganja, akamtazama mama yake. Akaonja, akatema koponi, akafikiri.

"Chumvi bado, mama."

Ndivyo ilivyokuwa. "Na lile la kwamba naonja sana," Mwanaasha alisema, "ulisema kweli. Nilikosea kukukata."

Akamsogezea bakuli la chumvi, akageuka kwenda kutia udhu wa alasiri, na hakutazama nyuma kuona Raudha anatia kiasi gani.