Majina ya Watoto wa Msingilo

"Futa jina la mwanangu," Cecilia alisema.

Manase alikuwa bado ameinamia daftari, na wino wa jina la Lea haujakauka. Aliinua macho. Ua wa balozi Simoni, uliojaa watoto tangu asubuhi, ulikuwa unapungua kimyakimya. Mama mmoja baada ya mwingine aliingia, akamshika mtoto wake mkono, akatoka naye kwenye upenyo wa minyaa bila kuaga. Kasha lilikuwa wazi, vitabu arobaini ndani yake, na punda aliyelipandisha mlimani alikuwa bado na jasho mgongoni.

Alijaribu kueleza. Hii ni maktaba ya watoto, ya tatu katika vijiji vya huku mlimani. Jina huandikwa ili ijulikane nani amechukua kitabu gani. Baada ya wiki mbili atarudi, mtoto arudishe, achukue kingine. Alieleza kwa Kiswahili, akarudia kwa Kinyiramba, taratibu, kama mtu anayetuliza ndama. Cecilia alimsikiliza hadi mwisho.

"Wa bondeni nao waliandikwa," alisema. "Kwanza daftari. Mwezi haukuisha, yakaja malori. Dada yangu alipakiwa pamoja na kuku wake kupelekwa kijiji kipya, nyumba ikaezuliwa huku anaiona. Na yule mwandishi alikuwa mpole, ndugu, kama wewe."

Manase aliweka kalamu chini. Malori yale aliyaona kwa macho yake.

Wanaume wawili walikuwa wamesimama penye njia, fimbo begani. Mmoja alikwisha kumfungua punda. Balozi Simoni alisogea, akamnong'oneza kwamba yeye mwenyewe anamwamini, ila kati ya nyumba zake kumi, tisa zimekataa. Heri afunge kasha ashuke, watu wakiwa bado na subira.

Kushuka kulikuwa rahisi. Kubaki ndiko kulikokuwa kugumu. Mkubwa wake kule Kiomboi alikuwa amemwambia wazi: kitabu kikipotea, lete jina; huna jina, huna kazi. Na kulikuwa na jambo ambalo Manase hakuwahi kumwambia mtu. Miaka mitatu nyuma alikuwa mchota maji wa shule, mtu mzima wa kuweka dole gumba. Kusoma alijifunzia darasa la watu wazima, amekaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakigonga mbao. Daftari lile lilikuwa kitu cha kwanza alichoandika yeye kikasomwa na wengine. Kila jina alilitia humo kama anayechonga.

Aliyatazama ya asubuhi ile. Yalikuwa kumi na saba, yamenyooka.

Akaushika ukurasa kwa vidole viwili, akauchana toka juu hadi chini. Mlio wake ulisikika ua mzima. Hakuutia mfukoni, alikwenda mafigani, mke wa Simoni alipokuwa anapika mlenda, akausukumia chini ya chungu. Cecilia alimfuata. Alisimama pale akitazama mpaka karatasi ikajikunja na kuwa nyeusi.

"Sasa utajuaje nani ana nini?"

"Sitajua."

"Na vikipotea?"

"Vitakuwa vimenipotea mimi."

Alirudi akakaa kando ya kasha. Kisha Lea alichomoa mkono wake katika wa mama, akaenda, akachukua kitabu cha juu kabisa. Cecilia alinyoosha mkono kumzuia, akaurudisha. Watoto wengine wakarudi mmoja mmoja; jua lilipofika utosini, vitabu kumi na viwili vilikuwa vimetoka. Hakuna aliyetaja jina, na Manase hakuuliza.

Katika wiki mbili zile mkubwa wake aliuliza mara moja habari za kijiji cha Msingilo. Manase akajibu kwamba watoto wamechukua vitabu, akatoka haraka kabla hajaulizwa daftari.

Siku ilipofika alikuta ua mtupu. Simoni alikuwa shambani. Manase alilifungua kasha, akakaa. Kivuli cha nyumba kilifupika, kikamwacha juani, naye hakuhama.

Cecilia alitokea peke yake, bila Lea, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye khanga kuukuu. Alikifungua. Kilikuwa kile kitabu, na jalada lilikuwa na alama ya kidole chenye masizi. Hakumpa; alikaa, akakiweka mapajani, akakishika kwa mikono yote miwili.

"Anataka kingine," alisema. "Nitamchagulia mimi. Jina usiandike."

"Siandiki, mama Lea."

Akainama kwenye kasha. Herufi hakuzijua, basi alivigeuza kimoja kimoja, akivipima kwa mkono, akitazama picha. Manase alitazama mbali ili asimharakishe. Kule juu, baina ya majabali, watu walikuwa wamesimama. Hakuweza kuwahesabu kwa mwanga ule mkali wa jua, wala kujua walichoshika chini ya nguo zao. Mmoja wao akaanza kuteremka, amekumbatia kitu kifuani kama Cecilia alivyokuja.